Nukta Nne

Nimekunjua ramani juu ya meza ya ukumbi,
pembe zake nikazigandamiza kwa vikombe vinne vya chai.
Marundo kumi na tisa. Fedha ya matatu.
Hesabu hiyo haihitaji mhandisi,
lakini ndiyo iliyonipakia basi la usiku kutoka Bishkek
hadi bonde nililozaliwa.

Zamani mlima huu ulichimbwa urani.
Waliochimba walikula mbivu, makapi wakatuachia,
wakayafunika udongo wa kimo cha goti,
wakasimika vibao vyenye fuvu na mifupa
ambavyo watu, baridi ilipozidi, walivitia jikoni.
Mkate uliiva vizuri, nakumbuka.

Kanuni ni hii, nikawaeleza:
alama kwa ukaribu wa mto,
alama kwa mteremko unaomeguka,
alama kwa vichwa vinavyokunywa maji chini yake.
Jumlisha, panga, la juu lizolewe mwanzo.

La Kumi na Moja liko juu ya shule.
Hakuna aliyebisha.
La Sita, mto unalilamba kila theluji ikiyeyuka.
La Pili lina ufa; nilitia mkono
ukazama hadi kiwiko.
Basi, matatu yametimia,
na kalamu yangu ilikuwa imekwisha kufungwa
aliposimama Kanykei, mfuga nyuki,
mikono bado ina harufu ya moshi.

"Langu ni la ngapi?"
La nne.
"Limepitwa kwa kiasi gani?"
Nukta nne.
"Nukta nne ya nini? Ya maji? Ya damu?"
Ya alama, nikasema,
na neno lilinitoka jepesi kama pumba.

Mkuu wa wilaya akadakia: subira huvuta heri.
Hakusema huivuta kutoka wapi,
wala heri hiyo ikifika itamkuta nani.

"Sisi kule juu tu nyumba tano," Kanykei akasema.
"Ningezaa mtoto mmoja zaidi, tungepita?"
Hakuwa anacheka.
Watu walitazama viatu vyao.
Mimi nilipiga hesabu kichwani,
Mungu anisamehe, niliipiga,
na jibu lilikuwa ndiyo.

Sikulitamka.
Sikutamka pia kwamba rundo la Tisa
limelala nyuma ya makaburi, alipo baba yangu,
dereva wa lori la mgodi, aliyerudi kila jioni
na vumbi kwenye nyusi, akanibeba nalo.
La Tisa limeshika nafasi ya kumi na sita.
Wafu hawanywi maji.
Kanuni niliitunga mwenyewe, na ni ya haki,
na usiku ule niliichukia kama mtu anavyomchukia
ndugu yake mkweli.

Asubuhi nilipanda hadi kwake.
Rundo la Nne linaelekea jua,
kwa hiyo theluji hulitoka mapema kuliko popote,
na majani mabichi huchomoza hapo kwanza.
Mbuzi walikuwa wameshafika.
Nao wana orodha yao,
na juu kabisa ya orodha ya mbuzi
pameandikwa hapa.

Kanykei hakunigombeza. Afadhali angenigomba.
Aliuliza tu, mwaka gani, nikasema fedha ikipatikana,
akasema huo si mwaka.
Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali,
nzito, nyeusi kidogo, ya maua ya mlimani.
"Ya safari," akasema. "Onja ukifika."

Sasa basi linashuka na kona zake,
chupa nimeipakata kama mtoto wa mtu.
Kipimo kimo mkobani, miguuni pangu.
Nikikiwasha kitaniambia.
Tumevuka daraja la kwanza, tumevuka la pili.
Jua linapita ndani ya asali, magoti yangu
yameng'aa rangi ya dhahabu,
na kipimo
sijakiwasha.